Ian Wright: Aligeuzwa uso ukutani, akaishia kwenye kochi la studio

Mwezi huu kinadada naomba msiruke ukurasa wangu eti kwa sababu mmeona habari za mpira. Na ninyi kina kaka mnaojua mpaka mchezaji gani anavaa kiatu namba ngapi, tulieni kidogo, maana ninayotaka kuyasema hayamo kwenye msimamo wa ligi.

Naongelea Ian Wright. Kama nyumbani kwako kuna shabiki wa Arsenal aliyeanza kuipenda timu hiyo miaka ya tisini, mtajie hilo jina uone atakavyokaa vizuri kwenye kiti. Straika mwenye maneno mengi, jino la dhahabu na kicheko cha kusikika mtaa wa pili, aliyeifungia klabu hiyo mabao 185 kati ya mwaka 1991 na 1998. Vijana zaidi wanamfahamu kwa sura yake ya pili, ile ya mchambuzi: baba mtu mzima mwenye miwani, anayeshangilia bao la mwenzake kana kwamba yeye hajawahi kufunga hata moja.

Wachezaji wengi wakistaafu wanakimbilia uchambuzi. Ni njia nyepesi kidogo, tuseme ukweli. Jina tayari unalo, suti unapewa, unaulizwa kwa nini beki alichelewa, unajibu, unaenda zako nyumbani. Sina ugomvi na hilo, kila mtu anatafuta riziki. Ila Wright alifika kwenye kile kiti kwa njia ambayo kila nikiisimulia pale ofisini lazima mtu mmoja aombe tishu, na mara nyingi huyo mtu ni mwanaume.

Kwanza ukielewe kipindi chenyewe. BBC wana kipindi kinaitwa Match of the Day, kinachoonyesha mechi za siku hiyo usiku wa Jumamosi. Kilianza Agosti 1964, na mechi yake ya kwanza ilikuwa Liverpool dhidi ya Arsenal. Kwa Waingereza, Jumamosi usiku bila kipindi hicho ni kama Idi bila pilau. Ule muziki wake wa kufungulia ukipigwa, hata asiyependa mpira anajua sasa ni saa ya mpira.

Ian alizaliwa Novemba 1963 huko Woolwich, kusini-mashariki mwa London, wazazi wake wakiwa wametoka Jamaika. Baba aliondoka Ian akiwa bado mdogo sana. Mama akapata mwanaume mwingine, na familia ikaishi kwa kubanana kwenye chumba kimoja huko Brockley. Chumba kimoja, televisheni moja, Jumamosi usiku, na watoto wa kiume wanaopenda mpira kuliko chakula. Muziki wa kipindi unaanza, na yule baba wa kambo anawaambia: geukeni, tazameni ukuta.

Wanageuka. Mpaka kipindi kinakwisha.

Hakuwatoa nje, maana hapakuwa na pa kuwatolea. Wanabaki humo humo wakisikia sauti ya mtangazaji ikipanda, mashabiki wakilipuka, na hawajui nani kafunga wala kafungaje. Wright amesimulia jambo hili mara kadhaa akiwa mtu mzima, na kwake yeye ukatili wenyewe ulikuwa hapo, kwenye kusikia.

Mimi nimesoma visa vingi vya manyanyaso kwa sababu ya kazi hii ya kupokea barua zenu, lakini hiki cha ukuta kinanishinda. Hakuna alama mwilini. Huwezi kwenda kwa mjumbe ukasema mwanao amegeuzwa ukutani, atakucheka. Ni kitu kidogo kilichopangwa kila wiki, kwa saa yake, ili mtoto ajue hata furaha ndogo inahitaji kibali cha mtu.

Na hicho ndicho kilikuwa kidogo. Yule bwana alikuwa anampiga mama yao. Vurugu zikianza usiku, kaka yake Ian, Maurice, alikuwa anamziba mdogo wake masikio kwa viganja vyake ili asisikie. Mama naye, aliyekuwa akipigwa, akawa anammwagia Ian maneno makali ambayo mtoto hapaswi kuambiwa na mtu aliyemzaa. Wright ameyataja hadharani. Sitayarudia hapa.

Naomba nisimame hapa kidogo na wanandoa wangu. Wengi wetu tunaishi chumba na sebule, ama kwenye hizo apatimenti ambazo ukuta wake jirani akikohoa unamwambia pole. Tukigombana usiku tunajifariji kwamba watoto wamelala. Wamelala kweli? Ama kuna Maurice mmoja kule chumbani, ana miaka tisa, mikono yake iko kwenye masikio ya mdogo wake?

Haya, tuendelee. Shuleni Ian alikuwa mtoto wa kutolewa nje ya darasa. Hasira, fujo, kusoma hajui vizuri. Siku moja amesimama kwenye korido kama kawaida yake, akapita mwalimu mmoja, Sydney Pigden, mzee aliyewahi kuwa rubani katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Pigden akamchukua. Akamfundisha kusoma na kuandika, akampa kazi ya kugawa maziwa ya wanafunzi, akamfundisha kutulia mbele ya lango. Usipige tu kwa nguvu, alimwambia, tazama Jimmy Greaves anavyofanya, anaupasia mpira wavuni. Ukirudi kutazama mabao ya Wright utakuta yale ya kuubetua mpira taratibu juu ya kipa ni mengi kweli. Hayo yalianzia kwenye kiwanja cha shule ya msingi.

Wright amesema Pigden ndiye mwanaume wa kwanza aliyemwonyesha upendo na kumpa dhamana. Kugawa maziwa, jamani! Kuna wazazi wananunulia watoto tableti za gharama, na kuna mtoto aliyeokolewa na kreti la maziwa.

Miaka mingi baadaye, kabla Arsenal hawajauhama uwanja wa Highbury mwaka 2006, watu wa televisheni waliwakutanisha. Wright alikuwa ameambiwa mwalimu wake alishafariki. Yuko jukwaani anaongea na kamera, mara anasikia sauti ya mzee ikimsalimia kwa jina lake. Anageuka. Kitu cha kwanza anachofanya, kabla hata hajasema neno, anavua kofia. Nyota wa England, tajiri, mtu mzima mwenye watoto, kofia mkononi kama aliyekutwa tena koridoni, machozi yanamtoka. Video hiyo imezunguka dunia nzima na inaendelea kuzunguka. Mwalimu Pigden alikuwa miongoni mwa marubani waliochaguliwa kuruka juu ya kasri ya Buckingham kusherehekea ushindi wa vita, lakini alimwambia Wright kwamba alijivunia zaidi kumwona akiichezea England. Alifariki mwaka 2017. Mwaka 2020 Wright alipoulizwa habari zake kwenye kipindi cha redio cha Desert Island Discs, alishindwa kumaliza bila kulia.

Sasa usidhani baada ya Pigden mambo yalinyooka. Wapi! Alifanya majaribio kwenye klabu kama Southend na Brighton, wakamrudisha. Akafanya vibarua, ikiwemo kazi ya kupiga lipu kwenye majengo. Akaendesha gari bila bima wala kodi ya barabara, akapigwa faini, hakulipa, akafungwa wiki mbili kwenye gereza la Chelmsford. Amesimulia kwamba mlango wa selo ulipofungwa alilia, akaapa kwamba lazima atoke kwenye maisha yale kwa kupitia mpira. Watu wanaapa vingi wakiwa ndani. Yeye alirudi mtaani, akawa anacheza ligi za Jumapili, kisha timu ndogo ya Greenwich Borough iliyokuwa ikimlipa pauni 30 kwa wiki.

Agosti 1985 Crystal Palace, iliyokuwa daraja la pili, ikampa mkataba. Alikuwa anakaribia kutimiza miaka 22. Wenzake wa umri ule walikuwa na miaka mitano kwenye klabu, yeye alikuwa ametoka kwenye saruji. Na nyumbani tayari alikuwa na familia: Shaun alikuwa na miaka mitatu, Bradley alikuwa amezaliwa Machi mwaka huohuo. Fikiria hayo maongezi. Mwanaume anakuja kumwambia mwenzake anaacha kibarua cha uhakika anakwenda kujaribu mpira. Ninyi mnaoniandikia kwamba mna miaka 26, hamjajua mnataka nini na mnaona mmechelewa, mnanisikia lakini?

Aliyekuwa akimsukuma asikate tamaa ni rafiki yake wa mtaani, David Rocastle. Walikulia kwenye nyumba zilezile za serikali huko Brockley, Rocastle akiwa mdogo kwa karibu miaka minne, lakini yeye alichukuliwa mapema na Arsenal, na mwaka ule wa 1985 akaanza kuchezea kikosi cha kwanza. Kuna watu wakifanikiwa wanabadilisha namba ya simu. Rocastle alirudi mtaani kumwambia kaka yake mkubwa kwamba na wewe unaweza. Walikuja kucheza pamoja Arsenal msimu mmoja tu. Rocastle alifariki Machi 2001 kwa saratani, akiwa na miaka 33. Mpaka leo ukitaka kumliza Wright mbele ya kamera mtajie Rocky.

Habari za uwanjani nitazipitisha haraka, maana mashabiki mnazijua na wengine mtalala. Palace alifunga mabao 117 na akasaidia timu kupanda daraja mwaka 1989. Fainali ya Kombe la FA 1990 dhidi ya Manchester United aliingia akitokea benchi, baada ya kuvunjika mguu mara mbili msimu ule, akafunga mawili, mechi ikaisha 3-3. Waliporudiana United wakashinda 1-0. Septemba 1991 Arsenal wakamnunua kwa pauni milioni 2.5, rekodi ya klabu wakati huo. Msimu wake wa kwanza akawa mfungaji bora wa ligi. Makombe ya ndani mwaka 1993, Kombe la Washindi Ulaya 1994, ubingwa na Kombe la FA mwaka 1998. Ile fainali ya 1994 hakucheza, alikuwa na kadi, na alipopewa kadi hiyo kwenye nusu fainali na PSG aliangua kilio palepale uwanjani.

Nawaomba mwone hilo. Huyu ni mwanaume aliyekuwa akilia mbele ya watu miaka ya tisini, wakati ambapo mchezaji kulia ilikuwa aibu. Alikuwa pia na hasira za ajabu, na marefa na mabeki wanazo kumbukumbu zao.

Basi kimoja cha kuchekesha. Septemba 1997 dhidi ya Bolton alikuwa akiiwinda rekodi ya Cliff Bastin ya mabao 178. Akafunga la kuifikia, akapandisha jezi kuonyesha fulana ya ndani iliyoandikwa 179. Kha! Alikuwa amehesabu vibaya kwa furaha. Bahati yake baada ya dakika chache akafunga la 179 kweli. Rekodi ilidumu mpaka Oktoba 2005 ilipovunjwa na Thierry Henry, ambaye naye baadaye akawa mchambuzi.

Televisheni ilimchukua hata kabla hajatundika viatu. Mwaka 1998 ITV walimpa kipindi chake cha usiku, Friday Night's All Wright. Alipostaafu mwaka 2000 akahamia zaidi upande huo, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 akaitwa BBC. Wright mwenyewe amesimulia kwamba alipofika mara ya kwanza kabisa kwenye studio ya Match of the Day alimwambia Des Lynam pale kwake ni Graceland. Graceland ndiyo ile nyumba ya Elvis Presley kule Memphis ambako mashabiki wanakwenda kuhiji. Watu walidhani ni maneno yake yale mengi. Hawakuwa wanajua habari za ukuta.

Sasa hapa ndipo sehemu yangu ya wafanyakazi. Mwaka 2008 Wright aliondoka BBC. Alisema amechoka kutumiwa kama mchekeshaji wa kuchangamsha genge, watu hawamchukulii kwa uzito. Wapo waliosema anadeka, kwani si yeye mwenyewe aliyekuwa anachekesha? Ndiyo, alikuwa anachekesha. Lakini kila ofisi ina mtu wa namna hiyo. Kikao kikiwa kizito wanamtazama yeye aseme kitu watu wacheke. Sherehe ya ofisi yeye ndiye mshereheshaji, bila malipo. Zikija nafasi za kupanda, wanasema fulani ni mtu mzuri sana, ila... Na kama huyo mtu ni mweusi peke yake kwenye chumba, utani huo unakuwa na ladha nyingine kabisa. Mimi nadhani alifanya sawa kuondoka, ingawa kuondoka kwenye Graceland yako kwa miguu yako mwenyewe si kitu cha mchezo. Na hakuondoka kwenda mahali pakubwa zaidi. Akaendesha Gladiators, lile shindano la misuli la Sky, akafanya redio, akaendelea kutafuta.

Alirudi kwenye Match of the Day katika miaka ya 2010, na aliyerudi si yule. Kicheko kilikuwa kilekile, ila sasa alikuwa na kazi. Alikuwa akieleza mshambuliaji anafikiri nini kabla mpira haujafika, kwa nini kijana aliyekosa bao wiki tatu anaanza kujificha nyuma ya beki. Wachambuzi wengine wakimwona kijana amezomewa wanasema lazima awe imara kiakili. Wright alikuwa anauliza huyo kijana ana nani wa kuongea naye. Hilo swali huwezi kulijifunza kwenye kozi ya utangazaji, na nasema hivyo mimi niliyesomea mambo ya mawasiliano chuo kikuu na nina cheti kabatini.

Mei 2021 BBC wakaonyesha filamu yake, Ian Wright: Home Truths. Humo anarudi mpaka kwenye nyumba ile ya utotoni, anakaa na watu waliokulia kwenye nyumba za vipigo kama yake, anamzungumzia mama yake kwa uchungu na kwa kumwelewa pia, maana mwanamke anayepigwa kila wiki anabakiwa na nini cha kumpa mtoto? Anazungumzia hasira zake na zilikotoka. Alikuwa na miaka 57. Kuna wasomaji wanaume huwa wananiandikia kwamba mambo ya kuongea hisia ni ya wanawake na ya wazungu. Huyu ni mtoto wa Wajamaika, fundi lipu, mfungwa wa zamani, mfungaji bora wa ligi. Mpelekeeni hoja hiyo.

Wala simchori kama malaika. Ana watoto wanane na si wote wa mama mmoja, na safari yake ya mapenzi haikuwa barabara ya lami. Ila kuna jambo moja ambalo kwa ukurasa huu ni kubwa kuliko mabao yote 185. Shaun, yule niliyesema alikuwa na miaka mitatu, si mwanaye wa damu. Alimkuta kwa mama yake, akamuasili, akampa jina. Ndiye Shaun Wright-Phillips. Nottingham Forest walimwacha wakimwona mfupi mno, akaenda Manchester City, na mwaka 2005 Chelsea wakamnunua kwa pauni milioni 21. Ian aliichezea England mechi 33. Shaun alicheza 36.

Kwa hiyo Wright naye alikuwa baba wa kambo. Alikuwa kijana mdogo, hana hela, mfano pekee alioukuta nyumbani ni ule wa ukutani, na bado akafanya kinyume chake. Huwa tunasema mtoto wa nyoka ni nyoka, na kwenye ndoa zetu tunaogopa mtu aliyelelewa kwenye vurugu, tunaulizia ukoo wake kwanza. Naelewa hofu hiyo. Lakini ukiulizia ukoo, ulizia pia kama alikuwepo Pigden.

Miaka ya karibuni sauti yake imesikika sana kwenye soka la wanawake. Julai 2022, England ilipoifunga Sweden 4-0 kwenye nusu fainali ya Ulaya, alisema studioni kwamba kama baada ya mashindano yale wasichana hawataruhusiwa kucheza mpira shuleni kama wavulana, basi tunafanya nini? Maneno hayo yalikwenda mbali. Lakini mwaka 2025 Eni Aluko, mchezaji wa zamani wa England aliyeingia naye kwenye uchambuzi, alisema kwamba mwanaume kama Wright anapaswa kujitazama asije akachukua nafasi nyingi mno kwenye utangazaji wa soka la wanawake. Kelele zikawa kubwa, Aluko akaomba radhi. Wright akajibu kwamba radhi ameiona, ila hawezi kuipokea, na angependa mambo yaishe. Mimi hapa nimegawanyika. Swali la Aluko ni la haki kabisa, viti ni vichache na wanawake wengi waliocheza hawaitwi. Alikosea jina la kulitaja, kwa maoni yangu. Na Wright naye, mtu aliyetufundisha kwamba unaweza kumwelewa hata mama aliyekuumiza, nilitegemea angeipokea ile radhi. Bado nabishana na watu kuhusu hili, kwa hiyo mkitaka kuniandikia, karibuni.

Machi 2023 ilitokea nyingine. BBC walimweka pembeni Lineker kwa sababu ya alichoandika kuhusu sera ya serikali kwa wakimbizi. Wright akawa miongoni mwa wa kwanza kutangaza kwamba kama Lineker hayupo, na yeye hayupo. Wenzake wakafuata mmoja mmoja, mpaka Jumamosi hiyo kipindi kikaenda hewani bila mtangazaji, bila mchambuzi, kwa dakika 20 tu. Mtoto aliyenyimwa kukitazama sasa alikuwa anachagua kutokuwemo. Lineker alirudishwa. Yeye aliaga rasmi Mei 2025.

Wright alitangulia. Desemba 2023 alitangaza kwamba msimu ule ndio wa mwisho kwake, anataka Jumamosi zake. Akaaga usiku wa Mei 19, 2024, akiwa na miaka 60. Na jamani, ratiba haina huruma: siku hiyo ndiyo Manchester City walichukua ubingwa wa nne mfululizo kwa pointi 91, Arsenal wakamaliza na 89. Mwanaume anaaga kipindi cha maisha yake, na anatakiwa azungumzie timu yake ilivyoukosa ubingwa kwa pointi mbili.

Aliyebaki kwenye viti vya namna hiyo ni Bradley, yule aliyezaliwa mwaka wa Palace. Alikwenda Marekani, akawa mfungaji bora wa ligi ya kule mara mbili akiwa na New York Red Bulls, mwaka 2014 na 2016, akastaafu, na mwaka 2023 akaanza kuchambua mechi za ligi hiyo kwenye Apple TV. Nyingi zinachezwa jioni ya Jumamosi saa za Marekani, kwa hiyo London inakuwa ni usiku wa manane, na baba akitaka kumwona mwanaye akiongea itabidi akeshe mbele ya televisheni.